Land Rover, Land Cruiser na mgongo wa abiria: historia fupi kutoka Elwak

Leo kompyuta tunaiweka pembeni. Kidogo tu, maana mwisho wa makala tutairudia. Mmezoea kunisoma nikiandika habari za programu, simu na intaneti. Leo nataka tuzungumze kuhusu mashine iliyobadilisha maisha ya watu wetu kabla hata kompyuta haijafika: gari la porini. Na tutaliangalia tukiwa Elwak.

Kwa nini Elwak? Kwa sababu huko gari halisifiwi kwa maneno. Elwak ni mji wa kaunti ya Mandera, mpakani na Somalia, kwenye njia ya kutoka Wajir kwenda Mandera. Zamani ilikuwa sehemu ya mkoa wa Kaskazini Mashariki, makao yake makuu yakiwa Garissa. Jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya kale: "el", yaani kisima, na "Wak", jina ambalo watu wa jamii za Kikushi walimwitia Mungu. Kisima cha Mungu. Ukiugua sana Elwak na ukahitaji hospitali kubwa, iwe Wajir au Mandera, una safari ya zaidi ya kilomita 150. Kwa miaka mingi safari hiyo haikuwa na lami hata kidogo.

Mnaujua ubishi wa vijiweni: Land Rover au Land Cruiser, lipi zuri? Mmoja anasema hili ni laini, mwingine anasema lile haliharibiki. Ubishi huu una miaka zaidi ya 60 na hauna dalili ya kwisha. Mimi nina swali tofauti. Tunaposema gari fulani linakaa vizuri njiani, tunasema linamkalia vizuri NANI? Aliyeshika usukani, au aliyelala nyuma?

Malori ya mwaka 1940

Tuanze na vita. Tarehe 16 Desemba 1940 majeshi ya upande wa Uingereza yalishambulia vituo vya Waitaliano hapo Elwak. Waliopigana hawakuwa Waingereza wengi. Walikuwa brigedi ya Afrika Kusini iliyoongozwa na Dan Pienaar, pamoja na brigedi ya Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo. Jenerali wao aliyekuwa Kenya aliitwa Alan Cunningham. Ushindi ule haukusahaulika: ukienda Accra utakuta uwanja wa michezo unaoitwa El-Wak. Naam, kisima cha wafugaji wa Kenya kimetoa jina la uwanja wa mpira Afrika Magharibi!

Kinachotuhusu hapa ni namna walivyofika. Walifika kwa malori, wakipasua vichaka vya miiba na mchanga. Katika kampeni ile ya Afrika Mashariki, Waafrika Kusini walikuja pia na magari ya deraya waliyoyatengeneza juu ya chasisi za lori la Ford. Toleo la kwanza lilivuta kwa magurudumu ya nyuma tu. Toleo la pili lilivuta kwa yote manne, kwa vifaa vya kampuni ya Marmon-Herrington ya Indianapolis, Marekani. Swali la wakati ule lilikuwa moja: je, litafika au litakwama? Habari ya mgongo wa askari aliyekaa nyuma haikuwemo kwenye orodha.

Ndugu zangu waandika programu wataitambua hali hii. Toleo la kwanza linatakiwa lifanye kazi tu. Mtumiaji atafikiriwa baadaye. Tatizo ni kwamba hiyo "baadaye" wakati mwingine huchukua miaka 80.

Hesabu ndogo ya springi

Kabla ya kuendelea lazima tuelewane kuhusu springi. Msikimbie, hesabu ni ya shule ya msingi na nusu.

Malori yale yalikuwa na springi za mabamba: vipande virefu vya chuma vilivyopinda, vimelazwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja. Ni teknolojia ya tangu mikokoteni ya farasi. Ni imara, ni rahisi, na bamba likivunjika fundi yeyote wa kijijini analibadilisha. Tena mabamba yenyewe ndiyo yanayoshika ekseli mahali pake. Springi za koili, zile za kuzunguka kama nyoka aliyejikunja, hazishiki ekseli. Zinahitaji vyuma vingine vya kuishikilia.

Sasa sikilizeni. Gari lililokaa juu ya springi lina mdundo wake wa kupanda na kushuka. Mdundo huo unategemea springi imebonyea kiasi gani kwa uzito uliopo. Kwa makadirio, chukua 5, igawanye kwa kipeuo cha pili cha sentimita zilizobonyea. Springi ikibonyea sentimita 25, kipeuo chake ni 5, kwa hiyo gari linadunda mara 1 kwa sekunde. Huo ni mdundo mzuri, unakaribia mwendo wa mtu anayetembea. Mwili wa binadamu umeuzoea tangu tumboni mwa mama.

Kinachoumiza ni mdundo wa haraka. Kiwango cha kimataifa kiitwacho ISO 2631, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1974, kinaonyesha kwamba mtikisiko wa juu na chini unamsumbua mtu zaidi ukiwa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde. Hapo tumbo na viungo vya ndani vinaanza kucheza ngoma yao wenyewe.

Sasa fikiria pikapu iliyoundwa kubeba tani moja. Tuseme ikiwa na mzigo kamili springi za nyuma zinabonyea sentimita 12. Mdundo ni kama mara 1.4 kwa sekunde. Safi kabisa. Shusha mzigo, uzito wa nyuma ubaki theluthi moja, springi zibonyee sentimita 4. Mdundo unapanda hadi mara 2.5. Gari ni lile lile, dereva ni yule yule, lakini nyuma sasa panarusha.

Na kuna jambo la pili. Mabamba yanasuguana. Shimo likiwa dogo, nguvu yake haitoshi kushinda msuguano huo, kwa hiyo springi inakuwa kama gogo. Kinachobaki kukukinga ni hewa ya tairi tu. Ndiyo maana mtu aliyepanda pikapu tupu anasema anahisi kila kokoto. Hadanganyi.

Kwa kifupi: gari gumu la mzigo lina starehe likibeba mzigo mkubwa, na linatesa likibeba mzigo mwepesi. Ishike hiyo, tutaihitaji.

Land Rover inaingia

Baada ya vita, huko Uingereza, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na jeep ya Kimarekani shambani kwake. Akaona wanaweza kutengeneza ya kwao. Land Rover ilionyeshwa kwa umma Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Mwili wa alumini, chasisi ya chuma, ekseli nzima mbele na nyuma, na springi za mabamba pande zote nne.

Gari hili ndilo lililokuwa sura ya serikali kaskazini mwa Kenya. Mkuu wa wilaya, polisi, daktari wa mifugo, wote walikuja na Land Rover. Miaka ya 1970 kiwanda cha Leyland kilijengwa Thika na kikaanza kuziunganisha hapa hapa nchini. Kwa watu wa Elwak kuliona gari hilo hakukuwa jambo jema kila mara. Mwaka 1963 hadi 1967 kulikuwa na vita vya watu waliotaka eneo lijiunge na Somalia, ambao serikali iliwaita shifta. Mabomu yalitegwa barabarani. Sheria za hali ya hatari ziliendelea hadi mwaka 1991. Lami haikuwa kipaumbele cha mtu.

Njiani Land Rover ile ilikuwaje? Ngumu. Ilikuwa fupi, na gari fupi linapiga kichwa mbele na nyuma kama mtu anayesinzia. Ilikuwa nyepesi na ilipita pembamba, lakini ekseli za nyuma zilikuwa na sifa mbaya ya kukatika shafti likitwishwa sana. Mafundi wa zamani wanaijua habari hiyo vizuri.

Halafu yakatokea mapinduzi. Mwaka 1970 kampuni ile ile ilitoa Range Rover yenye springi za koili ndefu, laini, na magurudumu yote manne yakivuta muda wote. Wahandisi waligundua jambo ambalo bado linawashangaza watu: porini, ulaini na ushikaji wa barabara si maadui, ni marafiki. Gurudumu linaloweza kushuka shimoni na kupanda jiwe bila kulinyanyua gari zima linabaki limegusa ardhi. Na gurudumu lililogusa ardhi ndilo pekee linaloweza kuvuta, kukata kona na kufunga breki. Kwenye lami mambo hugeuka, maana gari laini hulala upande kwenye kona. Mwaka 1983 ulaini huo ukashuka kwa gari la kazi: Land Rover 110 ikatoka na koili pande zote nne. Baadaye, mwaka 1990, ikaitwa Defender.

Kwa hesabu za starehe, basi, Waingereza walikuwa wameshinda mechi. Kaskazini Mashariki ikachagua nini? Ikachagua Toyota.

Mjapani na springi zake za mkokoteni

Toyota walianza mwaka 1951 na gari lililoitwa BJ, na jina Land Cruiser likaja mwaka 1954. Mwaka 1984 wakatoa familia ya 70, ile tunayoijua wote: pikapu na lile gari refu la kubeba watu nyuma kwenye mabenchi. Mwaka mmoja baada ya Land Rover kuweka koili, magari ya kazi ya familia hiyo yalikuja na mabamba mbele na mabamba nyuma. Kwa ulaini ilikuwa ni kurudi nyuma.

Lakini lilikuwa zito, lenye ekseli nene na injini kubwa ya dizeli isiyolazimishwa. Ile ya lita 4.2 yenye silinda sita iliyokuja mwaka 1990, iitwayo 1HZ, haina mambo mengi ya kielektroniki ya kumsumbua fundi. Vipuri vikapatikana, na magari yakaunganishwa Mombasa. Mfanyabiashara anayepeleka bidhaa kutoka Garissa hataki gari laini. Anataka gari litakalofika, lirudi, na kesho liende tena. Kwa mtu huyo, aliyejaza tani yake nyuma, springi zile wala si ngumu. Mnakumbuka hesabu yetu? Yeye ndiye aliyeundiwa gari lile. Kwake lilikuwa chaguo sahihi, na sina ubishi naye.

Si kila kitu kiliweza kufika kwa gari, lakini. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ilianza kupeleka vitabu kwa wafugaji kwa ngamia, ikianzia Garissa. Kwa mchanga ule, ngamia hana mpinzani. Springi zake ni magoti, na tairi zake ni nyayo pana.

Mwaka 1999 Toyota wakalibadilisha lile gari refu na pikapu. Waliweka springi za koili, lakini mbele tu. Nyuma wakaacha mabamba kwa ajili ya mzigo. Kiufundi ni uamuzi unaoeleweka. Lakini tazama matokeo yake. Dereva na bosi aliyekaa kando yake wakapata nafuu. Aliyekaa nyuma alibaki mwaka 1984.

Barabara ya bati

Sasa tuangalie uendeshaji. Barabara ya udongo inayopitiwa na magari mengi hujikunja kama bati, mawimbi madogo yaliyopangana kutoka ukingo hadi ukingo. Tuseme wimbi na wimbi ni sentimita 70. Ukienda kilomita 30 kwa saa, unapiga mawimbi kama 12 kila sekunde. Huo ndio mdundo wa ekseli nzito yenyewe, inayorukaruka kati ya tairi na springi. Hapo gari linataka kusambaratika. Ukikanyaga mafuta hadi kilomita 80 kwa saa, mawimbi yanakuwa 32 kwa sekunde. Ekseli haiwezi tena kuyafuata. Inapita juu ya vilele, na ghafla gari linatulia kama boti.

Kila dereva wa barabara ya Elwak anaijua siri hii bila hesabu. Ndiyo maana wanakimbia. Si wendawazimu, wanatafuta mahali pa kupumzisha mgongo.

Lakini gari linalopita juu ya vilele halijaigusa barabara sawasawa. Usukani unakuwa mwepesi, breki hazishiki, na nyuma inataka kwenda ubavu. Ngamia akikatiza, au kona ikitokea kabla hujaitegemea, starehe yako umeikopa na deni linadaiwa hapo hapo. Ongeza mizigo na watu juu ya keria, gari liwe refu kwa uzito wa juu, na utaelewa kwa nini magari haya hupinduka. Afadhali upunguze hewa ya tairi na mwendo kwenye mchanga na bati, kisha uijaze tena ukifika barabara ngumu. Ukisahau kuijaza, tairi laini kwa mwendo wa kasi hupata moto na kupasuka.

Tangu mwaka 2011 mabomu ya kutegwa yamerudi katika barabara za mpakani, na yameongeza sababu ya kukimbia. Yameleta pia magari ya aina nyingine. Mfano ni Casspir iliyobuniwa Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1970 na kutumiwa na askari wa Umoja wa Afrika Somalia. Tumbo lake ni kama herufi V, ili mlipuko uende pembeni. Limekaa juu sana na lina tani kama 11, kwa hiyo kona hulitisha. Hapo uendeshaji umetolewa kafara ili watu waishi. Ni biashara ya haki, maana anayelipa ndiye anayefaidika.

Mgonjwa wa kilo 60

Sasa turudi kwenye swali letu. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, afya iliwekwa mikononi mwa kaunti. Gari la ambulensi ambalo mtu huliona sana huko ni lile lile Land Cruiser refu, likiwa na machela nyuma. Weka mama mjamzito wa kilo 60, muuguzi mmoja na chupa ya dripu. Gari lililopangiwa mzigo mzito sasa linabeba watu wawili. Springi hazijabonyea. Machela iko juu ya ekseli ya nyuma, mahali panaporuka kuliko pote. Mtu aliye mgonjwa kuliko wote ndani ya gari amepewa kiti kibaya kuliko vyote, kwa zaidi ya kilomita 150.

Ripoti ya UNFPA ya mwaka 2014, iliyotumia sensa ya mwaka 2009, iliitaja Mandera kuwa ya kwanza Kenya kwa vifo vya uzazi, kwa makadirio ya vifo 3,795 kwa kila vizazi hai 100,000. Sisemi springi ndizo zilizoua. Umbali, uhaba wa wauguzi na damu, usalama, vyote vimo. Lakini dereva anayemhurumia mgonjwa ana njia mbili tu: aende polepole, na saa zipotee, au akimbie juu ya bati, na usalama upotee. Springi zinazofaa zingempa njia ya tatu.

Teknolojia ipo. Australia, nchi yenye barabara ndefu za vumbi na Land Cruiser nyingi, kuna karakana zinazotoa mabamba ya nyuma na kuweka koili au mifuko ya hewa. Hata bila kufika huko, mabamba yanaweza kupangwa upya kulingana na uzito halisi wa ambulensi, na shokapu zikalingana nayo. Magari ya wakubwa yalishapata ulaini zamani. Land Cruiser 100 ya mwaka 1998 ilikuja na magurudumu ya mbele yanayojitegemea, na zilizofuata zikazidi kuwa laini. Ujuzi haukukosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kwa niaba ya aliyelala nyuma.

Simu mfukoni

Hapa ndipo kompyuta inarudi. Kila simu janja ina kifaa kidogo kinachopima mtikisiko, kile kinachojua umeigeuza simu ubavu. Programu ya kukisoma na kuandika namba mara 100 kwa sekunde ni kazi ya jioni moja kwa mwandika programu yeyote. Funga simu moja kwenye kiti cha dereva na nyingine kwenye machela. Nenda kilomita 10. Linganisha. Ubishi wa kijiweni utageuka kuwa namba, na namba hiyo inaweza kuandikwa kwenye zabuni: gari tutakalonunua, machelani, lisizidi kiasi hiki.

Wakati ni sasa. Septemba 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi wa ukanda wa Isiolo, Wajir hadi Mandera, na ndani yake mkongo wa intaneti umo pia. Lami ni habari njema kuliko springi yoyote. Lakini magari marefu, mazito kwa juu, yaliyozoea mchanga, yatakuta barabara inayowaruhusu kwenda kilomita 120 kwa saa. Ubaya wao wa kona, uliofichwa na mashimo, utaonekana. Anayenunua gari la kaunti leo ananunua gari la barabara mbili: ya jana na ya kesho.

Kwa hiyo mkikutana na ule ubishi, waulizeni wabishi swali moja tu: umewahi kulala nyuma? Programu ikiwa nzuri kwenye kompyuta ya aliyeiandika, bado hatujui kama ni nzuri. Gari nalo ni hivyo hivyo. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.